Njia ya Kisimani

Shangazi yangu alipoonyeshwa ramani ya kitongoji chetu, aliiinamia kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, njia ya kisimani mmeiweka wapi?"

Ilikuwa mwaka 2019, chini ya mwarobaini wa ofisi ya kijiji, ramani ikiwa imebandikwa kwenye ubao. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya urasimishaji. Nilikuwa nimestaafu ualimu mwaka uliotangulia, nikarudi nyumbani, na majirani wakanichagua kwa kuwa najua kuandika muhtasari wa kikao. Nikapitisha kidole juu ya mistari ile, kiwanja baada ya kiwanja, nikiitafuta njia niliyoikanyaga tangu utotoni. Sikuiona. Nikamjibu kwamba barabara zipo, tena pana, gari linapita. Akanitazama, akafunga khanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga. Shangazi si mtu wa kuondoka bila kuaga.

Kitongoji chetu kiko kandokando ya mji wa Singida, upande wa Mwankoko. Jina lake sitaliandika, maana majirani ninaowasimulia hawakuniomba niwatangaze. Ukipanda juu ya miamba yetu unaliona Ziwa Singidani likimetameta, na baadhi ya miezi mstari wa waridi wa heroe pembezoni mwa maji. Maji hayo ni ya chumvi, mazuri kwa macho tu. Msafiri wa basi la Mwanza akipita Singida huona mawe yaliyopandiana kama yamepangwa kwa mikono, mashamba ya alizeti, na matenga ya kuku wanaosubiri safari ya Dar es Salaam. Kisha basi linaondoka. Sisi tuko nyuma ya mawe hayo.

Majina mengi ya pande zetu yanaanza na Unya: Unyankindi, Unyambwa, Unyamikumbi. Mzee wa Kinyaturu atakwambia kwamba hapo inatajwa nchi ya watu fulani, ukoo fulani. Kwa hiyo kuuliza mahali palikuwa kuuliza watu wake. Nilipokuwa mtoto sikuwahi kusikia mtu akisema anakwenda mahali bila kutaja ni kwa nani.

Nyumba zetu zilikuwa tembe. Kuta za miti iliyokandikwa udongo, paa bapa la miti na udongo, mlango mfupi wa kukuinamisha hata kama hukukusudia kusalimia. Kabla ya mvua za Desemba baba alipanda juu kuziba nyufa, na sisi watoto tukimpandishia udongo kwa karai. Ndama walilala ndani pamoja nasi, ng'ombe zizini, na kuzunguka boma lote ulikuwapo uzio wa minyaa.

Nataka kuueleza mnyaa kwa wasioujua. Ni mti usio na majani ya maana, vijiti vitupu vya kijani, na utomvu wake mweupe ukiingia jichoni utalia kutwa. Mbuzi hawautamani. Ukikata kijiti ukakichomeka ardhini hata wakati wa kiangazi, kinashika. Babu zetu walipanda minyaa pale familia mbili zilipokubaliana kwamba hapa ni kwako na hapa ni kwangu, na kijiti cha kwanza walikishika wote wawili, huyu kwa mkono wake na yule kwa mkono wake. Hivyo ndivyo baba alivyonisimulia, na ndivyo nilivyomwona yeye na jirani yetu wakifanya walipopanda upya sehemu iliyoungua moto.

Lakini uzio ule haukuwa umeziba. Kila boma liliacha uwazi, na uwazi wa boma moja ulielekeana na uwazi wa lingine, mpaka ukawa mstari mmoja unaoshuka kutoka miambani, unapita nyuma ya mazizi, unakwenda kisimani. Hiyo ndiyo njia aliyoiulizia shangazi. Asubuhi walipita wanawake na mitungi, baadaye ndoo. Mchana walipita ng'ombe. Jioni walipita vijana, na si wote waliokuwa na kiu ya maji. Hakuna aliyeichora wala aliyesema ni yake.

Kitu cha pili kisicho na mwenyewe kilikuwa Jiwe. Tuliliita hivyo tu, ingawa mawe yalitujaa. Ulikuwa mwamba bapa, mpana kiasi cha nusu ya uwanja wa mpira, ulioinuka kidogo juu ya mashamba. Uwele na mtama vilianikwa pale, vikapurwa pale, vikapepetwa pale. Upepo wa Singida unajulikana; wataalamu wa umeme wameupigia hesabu miaka mingi. Bibi zetu walikuwa wameshaupigia hesabu zamani: walijua saa ya alasiri ambayo ukiinua ungo, makapi yanakwenda na nafaka inabaki. Kila nyumba ilikuwa na siku yake Jiweni, na mtu akiugua, siku yake haikupotea, jirani alimpuria. Kesi zilisikilizwa palepale, watu wameketi juu ya jiwe lenye joto la mchana.

Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu, na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1970, alionyesha jinsi ng'ombe na uwele vilivyofungamana kwetu: udongo wetu ni wa kichanga na umechoka, hauzai bila samadi, na samadi haipatikani bila zizi. Nilipokisoma kitabu hicho nikiwa mtu mzima nilifurahi kuona kazi ya baba yangu imeheshimiwa kwa maandishi. Shamba lililozunguka boma lilikuwa limelishwa samadi vizazi na vizazi. Ardhi ile ilikuwa imetengenezwa kwa mikono, kama chungu kinavyofinyangwa.

Ndiyo maana mwaka 1974 uliuma. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika kabla mwaka 1976 haujaisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, darasa la sita. Tulibeba nguzo za tembe begani, tukapangwa kwenye safu kando ya barabara, nyumba zikitazamana kama wanafunzi mstarini. Baba alipewa eneo ambalo halijawahi kuona samadi. Mwaka wa kwanza uwele ulitoka wa kimo cha goti. Bibi yangu alikuwa akiamka alfajiri, anarudi kwenye mahame kulima shamba lake la zamani, anarudi jioni. Alifanya hivyo mpaka alipokufa.

Sitaki kusimulia upande mmoja. Safu ile ndiyo iliyotuletea shule ya karibu na zahanati. Mimi mwenyewe nilimaliza darasa la saba mwaka 1975, na elimu ya msingi kwa wote ilipokuja, serikali ilihitaji walimu kwa maelfu, ikawachukua vijana kama sisi, tukafundisha huku tukijifunza. Nimekula vumbi la chaki miaka arobaini. Siwezi kuusema vibaya mwaka ulionipa kazi, na siwezi kuusahau uwele wa kimo cha goti. Yote mawili ni yangu.

Katikati ya miaka ya 1980 watu wakaanza kurudi kwenye mahame, mmojammoja, bila tangazo. Tembe zilikuwa zimeporomoka na kurudi udongo. Kilichobaki ni minyaa. Ilikuwa imekua mpaka ikawa miti, mirefu kuliko mtu, na kila mmoja alipokwenda kutafuta kwao alipatambua kwa minyaa. Nilikuja likizo nikamkuta baba amesimama mbele ya uwazi wa uzio wetu, ule ule, akaniambia, "Hapa ndipo mama yako alipokuwa akipita na mtungi." Miaka zaidi ya kumi bila mtu, na njia ilikuwa bado inaonekana, kwa sababu hakuna aliyepanda kitu pale.

Mji ulitufikia polepole, kisha kwa haraka. Mkoa wa Singida ulihesabiwa watu 1,370,637 katika Sensa ya 2012, na ile ya 2022 ikaukuta umepita milioni 2. Sehemu ya watu hao walitafuta mahali pa kujenga, na bei ya ardhi ya katikati ya mji iliwasukuma kwetu. Kwenye karatasi tukawa manispaa; midomoni tukabaki wanakitongoji. Matofali ya saruji yakaja, bati likaja. Alizeti ilichukua mashamba mengi ya uwele, kwa sababu alizeti ina mashine mjini na mtu anarudi na fedha pamoja na mashudu ya kulishia ng'ombe. Wengine wakaenda na vitunguu soko la Misuna. Visima virefu vya Mwankoko vikachimbwa vya kulisha mji, na bomba likapita kwetu pia, lakini mwenye ndoo anajua kwamba bomba lina siku zake. Kisima cha zamani hakikuachwa.

Watu wa mjini waliponunua maeneo, migogoro ya mipaka ilianza. Hapo tukaona haja ya kupimwa. Ninasema tukaona, kwa maana sikulazimishwa na mtu. Nilisimama kwenye mkutano nikawahimiza wenzangu. Nilitaka namba za viwanja, hati, barabara za kuingiza gari la wagonjwa. Mpaka leo naamini nilikuwa sahihi kutaka hivyo. Jirani yangu mmoja alifiwa na mume, na shemeji zake walipokuja kumwambia afungashe, alitoa karatasi yenye jina lake na la marehemu. Wakaondoka. Minyaa isingemtetea, kwa sababu minyaa ilishuhudia mapatano ya wanaume. Nikikumbuka lile, siwezi kuulaani upimaji.

Kosa liko kwingine, na ni langu pamoja na kamati yangu.

Kwa siku za utambuzi wa mipaka tulitangaza kwamba kila mwenye eneo asimame kwenye eneo lake. Mpima alikuja na kipimio chake cha setilaiti na vijana wawili waliobeba vigingi. Mimi nilitangulia na daftari. Tulikwenda boma kwa boma: mwenyewe amesimama, jirani amesimama, wanaonyeshana, kigingi kinapigwa, naandika jina. Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Kwa siku nne hatukupata ugomvi hata mmoja, nikawa najisifu moyoni.

Kwenye Jiwe hakusimama mtu. Kwenye njia ya kisimani hakusimama mtu. Ni nani angesimama pale, wakati ilikuwa ya wote? Tukapita. Uwazi kati ya uzio na uzio uligawanywa kwa mstari mmoja katikati, nusu kwa huyu, nusu kwa yule, ili viwanja vigusane. Jiwe likaangukia ndani ya kiwanja kimoja karibu lote. Mkutano wa kuhakiki mchoro tuliuweka saa nne asubuhi, saa ambayo wanawake wako mashambani na wachungaji wako malishoni. Waliohudhuria walikuwa wenye maeneo, wengi wazee wa kiume. Tulisoma majina, kila mmoja akasikia la kwake, tukapiga makofi.

Nimefundisha watoto kusoma ramani miaka mingi. Niliwafundisha alama za mto, reli, mwinuko. Sikuwahi kuwafundisha kuuliza nani hakuwapo ilipochorwa, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua kuwa hilo ni swali la ramani. Sasa najua kwamba kabla mtu hajapiga kigingi cha kwanza angepaswa kuamka alfajiri siku moja akafuatana na wanawake kisimani, na siku ya pili akafuatana na ng'ombe, akiwa na daftari lilelile. Siku mbili tu. Tulikuwa na siku nne.

Mwenye kiwanja chenye Jiwe alivumilia mwaka mmoja. Kisha ada za watoto zikamzidi, wakaja watu wa kokoto. Walichoma matairi juu ya mwamba, moshi mweusi ukapanda siku tatu, jiwe likapasuka kwa moto na nyundo kubwa. Wanawake wakapewa kazi ya kugonga vipande kuwa kokoto, wakilipwa kwa ndoo. Miongoni mwao niliwaona wawili waliokuwa wakipepeta uwele palepale nilipokuwa mtoto, sasa ni vikongwe wamekaa chini ya mwavuli uliotoboka, wakigonga. Nilipita nikawasalimu. Mmoja akaniitikia, akasema, "Mwalimu, leo Jiwe linatulisha mara ya mwisho." Yule jirani simlaumu. Alikuwa na mtoto wa kusomesha na karatasi inayosema jiwe ni lake. Karatasi hiyo niliiandika mimi.

Njia nayo ikafungwa kidogokidogo. Mtumishi mmoja aliyehamia alinunua kiwanja kihalali, akajenga ukuta mzuri wa matofali mpaka kwenye kigingi chake. Ni mtu mpole, akikukuta barabarani anasimamisha pikipiki kukusalimu. Angejuaje kwamba ukuta wake umekalia nyayo za bibi zangu? Hapakuwa na alama yoyote. Wanawake wakaanza kuzunguka kwa barabara ya magari, mwendo mara mbili ya ule wa zamani, ndoo kichwani, magari yakiwarushia vumbi.

Mwaka 2022 vijana wa anwani za makazi walikuja kuandika namba za nyumba na majina ya barabara kama ilivyofanyika nchi nzima. Walituuliza majina. Mtu mmoja alipendekeza jina la Liti, mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kupambana na Wajerumani kwa nyuki, lakini tukakubaliana kwamba mji umeshamheshimu kwa kuuita uwanja wa mpira jina lake. Mwingine akasema kuwe na Barabara ya Kisimani. Likapokelewa kwa furaha. Kibao kikasimikwa kwenye ile barabara pana ya magari, ambayo haifiki kisimani. Siku hiyo jioni sikula. Nilijiona nimeizika njia halafu nimeandika jina lake kwenye kaburi la mwingine.

Kesho yake nilikwenda kwa shangazi. Ana miaka zaidi ya themanini, na bado anachota maji yake ndoo ndogo ndogo. Nikamwambia, "Shangazi, shikamoo. Nimekuja kujibu lile swali." Akaitikia marahaba, akaninyooshea kigoda. Nikamweleza yote, saa nne ya mkutano, mstari wa katikati, majina. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia niache kulia niende kwa mwenye ukuta, kwa kuwa mtu mwenye adabu ya kusimamisha pikipiki hawezi kukosa adabu ya kusikiliza.

Nilikwenda na shangazi mwenyewe. Yeye ndiye aliyezungumza. Hakudai haki wala hakumtaja babu yeyote. Alimwomba mwenye nyumba atoke nje, akamwonyesha kwa kidole uwazi wa boma la juu, halafu uwazi wa boma la chini, ulioota minyaa mipya pembeni, kisha akamwambia asimame katikati na atazame. Ukisimama pale unaona: ni mstari. Yule bwana alinyamaza, akauliza upana unaotosha wanawake wawili wenye ndoo kupishana. Ukuta hakuubomoa, ila upande wa nyuma alikuwa hajamaliza, akaurudisha ndani. Majirani wengine wawili wakatoa kila mmoja upande wake. Mwenyekiti akaandika makubaliano, wote wakatia sahihi, na mimi nikaandika barua ya kuomba mchoro urekebishwe. Barua hiyo ninaifuatilia bado, na nitaifuatilia maadamu miguu inanibeba kufika mjini.

Jiwe halitarudi. Uwele wa nyumba chache zinazoulima sasa unaanikwa kwenye maturubai, na upepo wa alasiri ukija turubai linapeperuka, watoto wanakimbia kulikanyaga pembe.

Mvua za kwanza ziliponyesha Desemba, shangazi alinituma nikakate minyaa kwenye boma la baba. Nilileta mzigo begani, utomvu ukinichirizikia kwenye shati. Tukaanza juu, karibu na miamba, tukishuka pande zote mbili za njia. Kwenye kiwanja cha yule mtumishi alitoka mwenyewe na mwanawe wa kike, wakiwa na jembe. Shangazi akachukua kijiti, akampa yule bwana ashike, naye akashika chini ya mkono wake, wakakichomeka. "Usijipanguse machoni," akamwambia, "mpaka umenawa." Kisha akatutuma mimi na yule binti kisimani tukalete maji ya kunawia, kwa njia ileile.